Kabla ya programu ya simu, mpeni mgonjwa karatasi yake

Asubuhi ya Jumatatu kwenye kituo cha afya cha serikali nchini Uganda, kuanzia Busia hadi Bwera, foleni ya wagonjwa ni foleni ya madaftari ya shule. Daftari la kurasa 96, jalada limeshikizwa kwa seloteipu, ndani mna mwandiko wa kila nesi na kila daktari aliyewahi kumhudumia mwenye nalo. Hiyo ni rekodi ya afya iliyo mkononi mwa mgonjwa, na ni kongwe kuliko kompyuta yoyote ya mapokezi. Kasoro zake zinajulikana: hulowa, hupotea, mwandiko wake humtoa mtu jasho. Ila mgonjwa huondoka nayo.

Kompyuta zinapofika, mgonjwa huambiwa "yote yameingia kwenye mfumo", akarudi nyumbani bila hata mstari mmoja. Akihamia kituo kingine, mfumo wa huko haumjui, na daftari lake liliishia mwaka juzi. Rekodi imekuwa nzuri zaidi huku mwenyewe amebaki na kidogo kuliko zamani.

Wengi wanaotaka kulirekebisha hili huanza na programu ya simu. Ushauri wetu ni kuanza na karatasi moja ya A5, iliyochapwa, iliyo sahihi, na inayoeleweka na mtu aliyeishia darasa la saba. Ukubwa wa A5 tunautaja kwa makusudi: unaingia ndani ya daftari bila kukunjwa. Programu ya simu itachota taarifa zilezile zinazochapwa kwenye karatasi. Yale yanayoharibika kwenye karatasi yataharibika kwenye simu pia, na huko hakuna karani wa kumwambia mgonjwa "ngoja kidogo, hii si yako".

Haki ipo tayari

Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Hati ya Haki za Wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 inataja waziwazi nakala ya rekodi za matibabu. Yenye meno zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kwa sababu inazibana hospitali za binafsi na za misheni pia. Mtu akithibitisha kuwa ni yeye, anaweza kuuliza mna data gani zake na nani ameziona, na jibu linatakiwa ndani ya siku 30. Sheria hiyohiyo inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data maalumu. Anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kupigwa faini ya hadi vipimo 240 vya sarafu, ambavyo kwa shilingi 20,000 kila kimoja ni shilingi milioni 4.8, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Siku 30 ni za kisheria. Ukurasa mmoja mgonjwa aupate akiwa bado kwenye benchi. Siku hizo ziachieni ombi la faili zima, na kwa ombi hilo fungueni daftari la maombi lenye tarehe, namba ya mgonjwa, alichoomba, alichopewa na saini za pande mbili. Bila daftari hilo hamtaweza kuthibitisha kwamba mlijibu.

Kilichomo kwenye mfumo

Wagonjwa wengi, na hata viongozi wa wilaya, huamini kwamba Kampala kuna kompyuta moja yenye historia ya kila mtu. Si hivyo. Kinachopanda kila mwezi kwa fomu ya HMIS 105 na kuingizwa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioenea nchi nzima kuanzia 2012, ni hesabu: wagonjwa wangapi wa malaria, wangapi chini ya miaka mitano. Jina halimo. Rekodi ya mtu mmojammoja imo kwenye mfumo wa kituo chenyewe. Vituo vingi vina UgandaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa iliyojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS na kuanzia kwenye kliniki za VVU. Hospitali nyingine zimenunua mifumo yao, na mifumo hiyo haizungumzi yenyewe kwa yenyewe.

Matokeo yake ni mawili. Mosi, seva mara nyingi imo ndani ya kabati la chumba cha rekodi, kwenye mtandao wa ndani tu. Ikizimwa saa 11 jioni, au stima ikikatika na betri ya akiba ikaisha, programu ya simu haina pa kusoma. Pili, kliniki ya VVU inaweza kuwa imeingizwa yote huku kliniki ya kawaida ikibaki kwenye rejista ya karatasi, au ikiingizwa baadaye karani anapopata nafasi. Wiki mbili za kuchelewa si jambo la kushangaza. Kwa hiyo kila karatasi inayotoka ionyeshe imechapwa lini, na pia imebeba yaliyoingizwa hadi tarehe gani. Tarehe hizo mbili zikikosekana, daktari wa kituo kingine atadhani mgonjwa hakutibiwa mwezi mzima.

Huyu ni nani?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo miradi hufia. Kumpa mtu rekodi ya mwingine ni kosa baya kuliko kutompa chochote.

Majina hayatoshi. Muhamad, Mohammed na Mohamedi ni mtu mmoja kwa makarani watatu. Aisha huwa Asha au Aisa. Jina la dini hutangulia leo na kesho likafuata, na ndugu wa baba mmoja huenda wasishiriki jina hata moja, kwa hiyo kutafuta kwa "jina la ukoo" kama mifumo ya kigeni inavyotaka hakusaidii. Tarehe za kuzaliwa ndiyo balaa. Mgonjwa akisema "nina miaka 34", mfumo hukisia tarehe. OpenMRS ina alama maalumu ya kuonyesha kwamba tarehe ni ya makadirio, lakini alama hiyo haichapwi kwenye karatasi hadi mtu aamue ichapwe. Ndiyo maana kituo kinaweza kuwa na mamia ya watu waliozaliwa 1 Januari. Msiitumie tarehe ya makadirio kumtambua mtu.

Namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, ina herufi na tarakimu 14 na haibadiliki kadi inapotolewa upya. Mwenye nayo aingizwe nayo. Lakini msimfukuze asiye nayo, kwa maana watoto wengi, wazee wengi na wakimbizi wote hawana cha kuonyesha. Kwa wakimbizi, Nakivale, Kyangwali au Kyaka II, kuna mtego: karatasi ya familia ina namba ya kaya nzima. Karani akiiandika hiyo kama namba ya mgonjwa, watu sita watakuwa na rekodi moja, na dawa ya presha ya bibi itaonekana kwa mjukuu wa miaka minne. Tafuteni namba ya mtu mwenyewe kwenye orodha ya wanakaya.

Namba ya OpenMRS yenyewe ni kazi ya fundi aliyefikiri. Ina alama ya ukaguzi mwishoni, na haitumii kabisa herufi B, I, O, Q, S na Z, kwa sababu B hufanana na 8, I na 1, O na Q hufanana na 0, S na 5, Z na 2. Basi karani akiona kitu kama S kwenye namba iliyoandikwa kwa mkono, aandike 5 bila kusita. Mfumo ukiikataa namba, kosa liko kwenye kunakili. Asitengeneze mgonjwa mpya ili foleni isonge. Wagonjwa pacha kwenye mfumo, yaani mtu mmoja mwenye rekodi mbili, huzaliwa hivyo, saa nne asubuhi, foleni ikiwa ndefu.

Dirishani, msimuulize mtu "Wewe ni Fatuma?" Mgonjwa aliyechoka atajibu ndiyo kwa jina lolote. Mwacheni aseme mwenyewe: jina lake kamili, kijiji, mwenyekiti wake wa kijiji (LC1), na mara ya mwisho alikuja kwa sababu gani. Majibu matatu yakilingana na skrini, chapeni. Na kwa kuwa nyuma yake kuna watu ishirini wanaosikiliza, swali la mwisho aliandike au alijibie kando.

Aliyetumwa na mgonjwa, awe mjukuu au dereva wa boda, aje na barua yenye saini au dole gumba la mgonjwa na nakala ya kitambulisho chake. "Nimetumwa na shangazi" haitoshi, hata kama mnamfahamu. Hasa kama mnamfahamu.

Karatasi yenyewe

Kiwango cha kimataifa cha muhtasari wa mgonjwa, kile kinachotumia FHIR ya shirika la HL7, yaani lugha ya pamoja ya mifumo ya afya kubadilishana data, kinalazimisha sehemu tatu tu: matatizo ya afya, dawa, na mzio, yaani aleji. Mengine ni hiari. Ni mpangilio mzuri hata kwa kituo kisicho na FHIR. Ongezeni vipimo vya karibuni na miadi ijayo, basi. Mfano:

Matatizo ya kudumu: presha, tangu 2019.
Dawa za sasa: amlodipine mg 5, kidonge 1 kila siku asubuhi.
Mzio: penisilini; vipele na midomo kuvimba, 2016.
Kipimo: sukari kabla ya kula 5.6 mmol/L (kawaida: kiwango cha maabara yenu), 12 Machi 2025.
Miadi: 14 Aprili 2025.
Imechapwa 24 Machi 2025. Ina yaliyoingizwa hadi 20 Machi 2025. Huenda isiwe na taarifa zote.

Mstari wa mzio ndio unaoharibika zaidi. Kuna hali tatu: ana mzio, hana mzio anaoujua, na hakuulizwa. Mifumo mingi huziacha mbili za mwisho zikiwa nafasi tupu, na daktari wa zamu ya usiku husoma nafasi tupu kama "hana". Chapeni neno "HAKUULIZWA" kwa herufi kubwa. Linaaibisha kituo kidogo, na aibu hiyo ina faida: wiki ya pili makarani na manesi wataanza kuuliza.

Kundi la damu watu hulipenda sana na huliomba liandikwe. Liandikeni tu kama lipo kwenye majibu ya maabara, kamwe lisitokane na kauli ya mgonjwa.

Majina ya dawa yaandikwe kwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Mtu huijua Septrin, lakini akivuka mpaka wa Mutukula au Malaba atauziwa pakiti yenye jina jingine na atameza zote mbili. Mkitaka, andikeni "co-trimoxazole, ile mnayoiita Septrin". Hakuna aliyekatazwa kuandika hivyo.

Sasa saa. Mfumo uliotengenezwa ng'ambo huchapa "08:00 na 20:00". Msomaji wa Kiswahili, na wa Luganda vilevile, akiona 08:00 husoma saa nane, na saa nane ni mchana, baada ya chakula. Saa ishirini haipo kabisa. Dawa iliyopaswa kupishana saa 12 inamezwa ovyo. Badilisheni kiolezo kichape "saa 2 asubuhi na saa 2 usiku". Ni kazi ya nusu siku kwa fundi, na pengine ndiyo nusu siku yenye thamani kuliko zote kwenye mradi mzima.

Tarehe nazo: 03/04/2025 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa programu iliyoachwa kwenye mpangilio wa Kimarekani. Chapeni jina la mwezi. Halafu kuna lugha ya maagizo ya daktari. "4 x 2 x 3/7" kwa nesi ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Kwa mgonjwa 3/7 ni tarehe 3 Julai. Vivyo hivyo 2/52 ni wiki mbili na 3/12 ni miezi mitatu, alama ambazo hakuna shule ya msingi inayozifundisha. Dawa ya malaria ya artemether na lumefantrine kwa mtu mzima iandikwe hivi: vidonge 4 sasa, 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla 24. Ile "jumla 24" ndiyo kinga: mgonjwa anahesabu pakiti na kujua kama amepunjwa.

Vipimo viwe na namba, kizio na kiwango cha kawaida vyote pamoja. Sukari ya 7 ni ya mmol/L. Mashine ya nyumbani inayosoma mg/dL itaonyesha 126 kwa damu ileile, kwani moja huzidishwa kwa 18. Kreatinini ni mbaya zaidi: 1 mg/dL ni 88.4 µmol/L. Mtu aliyepimwa Kampala kwa kizio kimoja na Mbarara kwa kingine hudhani figo zimekufa ndani ya wiki.

Na neno moja la Kiswahili linatudanganya sote: chanya. Kwenye mazungumzo, jambo chanya ni jambo jema. Mtu akisoma "matokeo: chanya" anaweza kwenda nyumbani akifurahi. Andikeni kilichoonekana: "vimelea vya malaria vimeonekana", "vimelea vya kifua kikuu havikuonekana". Hasi na chanya ziacheni kwa wanahisabati na mafundi wa betri.

Kuhusu lugha ya karatasi nzima: jina la ugonjwa na la dawa yabaki pia kwa Kiingereza ambacho daktari anayefuata atasoma, maelekezo yawe kwa lugha ya mgonjwa. Kwenye kambi za jeshi na polisi, Bombo, Koboko, na makazi ya Wakongomani, lugha hiyo ni Kiswahili. Masaka siyo. Kiolezo kiwe na nafasi ya kuchagua.

Printa iwe ya leza. Ya wino hutiririka jasho likigusa karatasi. Zile ndogo za risiti ni za bei nafuu na zinavutia, lakini maandishi yake hufifia karatasi ikikaa juani, na karatasi yenyewe huwa nyeusi ikikaa karibu na jiko. Msimbo wa QR mkiuweka, uwe na namba ya rekodi tu, bila jina la ugonjwa wala dawa, maana simu yoyote yenye kamera itausoma. Chagueni kiwango cha usahihishaji Q, kinachovumilia uharibifu wa takriban asilimia 25. Karatasi za daftari huchakaa.

Nani mwingine ataiona

Madaktari huogopa kwamba mgonjwa akisoma rekodi yake atababaika. Mwaka 2010 hospitali tatu za Marekani zilijaribu kuwafungulia wagonjwa maelezo ya madaktari wao, kwa mpango ulioitwa OpenNotes. Madaktari 105 walishiriki, na mwaka ulipoisha hakuna hata mmoja aliyetaka kuacha. Kwa hiyo hofu ya mgonjwa kubabaika tuiweke kando. Tatizo letu ni la namna nyingine. Kule mtu alisoma peke yake kwa neno lake la siri. Hapa karatasi huwekwa juu ya kabati la nyumba ya chumba kimoja, na simu ni ya familia.

Mama anayechoma sindano ya uzazi wa mpango kwa siri, kijana wa VVU ambaye wenzake wa bweni hawajui, mtu anayetibiwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika: kwa hawa karatasi inaweza kuleta kipigo au kufukuzwa. Kwenye rejista za wajawazito kuna herufi za mkato za majibu ya VVU zilizobuniwa ili majirani wasielewe. Sitaziandika hapa, ingawa waume wengi wameshazijua.

Swali la kuuliza kabla ya kuchapa ni fupi: "Karatasi hii itakaa wapi, na nani anaweza kuisoma?" Uliza faraghani, kisha mgonjwa achague kipi kitoke. Kuondoa dawa kuna hatari yake. Anayemeza dolutegravir, dawa ya VVU, akipewa metformin, dawa ya kisukari, kipimo cha metformin kisizidi mg 1000 kwa siku. Akianza rifampicin, dawa ya kifua kikuu, dolutegravir yenyewe inatakiwa mara mbili kwa siku. Daktari asiyeona dolutegravir hatajua. Na mkichapa "sehemu imeondolewa kwa ombi la mgonjwa", mmeshatangaza kwamba kuna siri. Njia tunayoipendelea ni ile ya mfano hapo juu: maneno "huenda isiwe na taarifa zote" yawe kwenye karatasi ya kila mtu, pamoja na namba ya simu ya kituo kwa ajili ya mtaalamu anayetaka kuuliza. Hapo hakuna anayejulikana kwa kuwa nayo.

Watoto wana fundo lao. Sheria ya data inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, wakati sera ya taifa ya upimaji wa VVU inamruhusu wa miaka 12 na kuendelea kukubali kupimwa mwenyewe. Mzazi wa binti wa miaka 14 akiomba karatasi yake, msichape kila kitu kwa mazoea. Zungumzeni na binti kwanza, peke yake. Kuhusu majibu mazito, kipimo cha VVU au kinyama kilichopelekwa kuchunguzwa saratani, yatolewe uso kwa uso, kisha karatasi ifuate siku hiyohiyo. Malaria, sukari na wingi wa damu vitoke mara moja, hakuna sababu ya kuvikalia.

Ujumbe mfupi

Ujumbe wa simu utumike kuita tu. Usibebe majibu. "Karatasi yako iko tayari. Fika dirisha la 3 na kadi yako, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri." Hakuna jina la kliniki, hakuna ugonjwa. Angalieni pia jina la mtumaji linalotokea juu ya ujumbe. Likitaja kliniki ya VVU, usiri wote wa chini yake ni bure.

Ujumbe mmoja una nafasi 160, mradi herufi zote zimo kwenye orodha ya msingi ya mtandao wa simu. Kiswahili kimebarikiwa: hakina herufi zenye vialama. Ila tuna ng'. Mtu akiandika "kung'oa jino" kwenye Word akanakili, ile alama hugeuka kuwa iliyopinda, ambayo haimo kwenye orodha, na ujumbe mzima hushuka hadi nafasi 70. Ujumbe mmoja uliojaa unatozwa kama mitatu, na mhasibu anakuja kuuliza nani amekula salio. Andikeni violezo kwenye kihariri cha kawaida, alama iwe iliyonyooka.

Mgonjwa akisema "hii si sahihi"

Atasema, na mara nyingi atakuwa sawa. Mwanamke ameandikwa mwanamume, dawa iliyoachwa mwaka jana bado ipo, mzio wa ndugu umeingia kwake. Haki ya kusahihishiwa imo kwenye sheria ya 2019. Karani arekebishe ya utambulisho, kama jina, kijiji na jinsia. Ya matibabu yaende kwa mhudumu aliyeidhinishwa. OpenMRS haifuti; hubatilisha na kudai sababu, na kilichobatilishwa hubaki nyuma ya pazia. Sababu iandikwe kwa sentensi, "kosa" peke yake haisemi kitu. Karatasi ya zamani ichukuliwe na kuchanwa mbele ya mgonjwa, la sivyo zitatembea mbili zinazopingana.

Kuunganisha wagonjwa pacha kuogopwe. Kukishafanyika hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Watu wawili wakague, mmoja wao awe mhudumu wa kliniki, na nakala ya akiba ya hifadhidata iwe imechukuliwa siku hiyo.

Swali la "nani ameona rekodi yangu" halijibiki kama wafanyakazi wote wanaingia kwa akaunti moja, na vituo vya namna hiyo si vichache. Kila mtu awe na akaunti yake, neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, na anayehama afungiwe siku anayohama. Kisha mkuu wa kituo achague rekodi tano kila mwezi bila mpango na kuangalia nani alizifungua. Akikuta rekodi ya jirani ya mfanyakazi imefunguliwa mara nne bila ziara hata moja, amepata kazi ya kufanya.

Simu, sasa

Mkishachapa kwa miezi sita na malalamiko ya rekodi za kuchanganyika yamepungua, programu ya simu ina mantiki. Nakala ya kusomwa nje ikae kwenye seva nyingine inayowaka muda wote, iwe ya kusoma tu, na isasishwe usiku. Wenye simu za kitochi wabaki na karatasi. Msiwape menyu ya namba za nyota na reli yenye majibu ndani, kwa kuwa mwenye simu anaweza kuwa mwingine.

Uandikishaji ufanyike dirishani, mgonjwa akiwepo, baada ya maswali yaleyale ya utambulisho. Kumtumia pini kwa ujumbe peke yake hakutoshi: laini hubadilishwa, huuzwa upya, huachwa kwa mke au mtoto. Kila miadi karani aulize "bado unatumia namba hii?" kabla ya kitu kingine chochote, na ikiwa jibu ni hapana, ile ya zamani iondolewe mgonjwa akiwa bado amesimama pale.